Sista, hizo saa huna: wodi, lokamu na masta

Swali limetoka kwa nesi mmoja wa huku huku Mombasa, nimelifupisha kidogo:

"Asalaam aleikum sista mwalimu. Mimi nina miaka 31, nilianza na diploma kisha nikaongeza digrii ya uuguzi, niko hospitali ya kaunti, wodi ya medikali ya wanawake. Nimepata nafasi ya masta ya uuguzi chuo kimoja Nairobi, kuanza Septemba. Darasa ni Ijumaa na Jumamosi kila baada ya wiki mbili, mengine onlaini jioni. Nakaa Likoni, nina watoto wawili, mume wangu yuko bandarini na yeye pia ni shifti. Nafanya lokamu, zile shifti za kibarua, mara mbili kwa wiki hospitali ya praiveti manake karo lazima itoke mahali. Mama mkwe asema mshika mbili moja humponyoka, na nesi digrii mbili za nini. Je nitaweza? Niombe likizo ya masomo ama niendelee na kazi? Na usiku wa shifti nisome vipi, manake nikishika kitabu saa nane usiku nasoma mstari mmoja mara kumi."

Waaleikum salaam mwanangu. Jibu nakupa hapa mwanzo usije ukahangaika kulitafuta chini: masta utaiweza na wodi utaiweza, lokamu hutaiweza. Mama mkwe mwambie methali yake ni sawa ila amekosea hesabu, wewe hukushika mbili, umeshika tatu, na ya nne ni hao watoto umewataja kwa nusu sentensi kana kwamba wajilea wenyewe.

Mimi nimekaa wodini zaidi ya miaka ishirini kabla sijaenda kufundisha, na masta yangu nilisoma nikiwa kazini, niliingia 2015, kwa hivyo haya sikuhadithiwa. Na kila mwaka wanijia manesi kama wewe, wameshalipa, wameshaanza, wameshakonda, waniuliza mbinu ya kupanga muda. Mbinu ya kupanga muda ambao haupo mimi siijui. Basi chukua kalamu kwanza tupige hesabu.

Wiki ina saa 168. Toa usingizi saa 7 kwa siku, ni 49, zabaki 119. Toa kazi ya kaunti saa 40, zabaki 79. Sasa toa njia na ripoti, manake hakuna nesi anayetoka saa ile ile iliyoandikwa kwa rota, ile ratiba ya shifti, mwenzako akichelewa wewe wamsubiri, mgonjwa akibadilika dakika ya mwisho huondoki, halafu uje usimame pale feri na lile jua, mimi naweka saa 12 kwa wiki na hapo nimekuonea huruma. Zabaki 67. Ile wiki ya darasa, Ijumaa na Jumamosi tuseme saa 14, treni kwenda na kurudi na kusubiri stesheni saa 16, zabaki 37. Kusoma na asaimenti, ukienda polepole kabisa, saa 12, zabaki 25. Haya, toa lokamu, shifti mbili za saa 12 na njia yake, jumla 28. Umepata ngapi? Hasi tatu. Na hapo hujapika, hujaoga, hujaswali, hujamsikiza mtoto akikusomea kitabu chake, hujaenda matanga, na wajua matanga ya Mombasa usipoonekana watu hawasahau.

Ile wiki isiyo na darasa ni nafuu. Kutoka kwa ile 67 watoa saa 4 za onlaini na 15 za kusoma, zabaki 48, na lokamu ikila 28 unabaki na 20. Yaani chini ya saa tatu kwa siku za maisha yako yote. Ungeweza wiki moja. Ungeweza hata mwezi. Masta ni miaka miwili kwenye karatasi, na wengi niliowaona imewachukua zaidi.

Sasa usiniambie utalala kwenye treni. Ile ya saa nne usiku kutoka Miritini, stesheni yetu ya Mombasa, yafika Syokimau, stesheni ya Nairobi, alfajiri mapema, ndio, na wewe wa Likoni siku hizi una barabara ya Dongo Kundu kwenda Miritini bila kusubiri feri, hiyo ni rehema ambayo sisi hatukuwa nayo. Lakini viti vya ikonomi vimesimama wima, mwaangaliana na mtu mgusane magoti, taa hazizimwi, na kuna mtoto wa mtu lazima alie kutoka Mariakani mpaka Voi. Huo sio usingizi, ni kufunga macho. Na nauli ni 1,500 kwenda, 1,500 kurudi, mara mbili kwa mwezi ni 6,000, iandike kwenye hesabu ya karo mapema manake wengi huisahau.

Nazungumza sana juu ya usingizi na nitaendelea, kwa sababu hapo ndipo hizo saa za hasi hutoka. Hakuna anayetoa kwa kazi manake inchaji, mkuu wa wodi, yuko, hakuna anayetoa kwa asaimenti manake deadlaini iko, watu watoa kwa usingizi kwa sababu usingizi haupigi simu kulalamika. 1997 watafiti wawili wa Australia waliwakesha watu na kuwapima, halafu wakawapa pombe na kuwapima tena, wakaona mtu aliyekaa macho saa 17 mikono na akili yake yafanya kazi kama ya mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwa damu, kiwango ambacho nchi nyingi dereva akipatikana nacho ashikwa. Akifika saa 24 ni kama asilimia 0.10. Sasa fikiria wewe, umeamka saa sita mchana, umeingia naiti, unatoka saa mbili asubuhi, hapo ni saa 20 tayari na bado wataka upande boda uende lokamu. Kama mwenzako angekuja wodini ananuka pombe ungemuita matroni.

Nakuhadithia yangu ili usidhani nakutisha na karatasi za wazungu. Mwaka wangu wa kwanza nilitoka darasani Jumamosi, nikapanda basi la usiku, nikashuka Mwembe Tayari hapa Mombasa Jumapili alfajiri, nikaoga kazini kabisa na kuingia shifti ya asubuhi, nikijiona shujaa. Saa moja na nusu nikawa navuta insulini ya mama mmoja. Kwenye chati ni yuniti 4. Nikavuta 40. Macho yangu yaliona 4, mkono ulivuta 40, na mimi nilikuwa na uhakika kabisa, hiyo ndiyo inayoniogopesha mpaka leo, sikuwa na shaka hata kidogo. Mwanafunzi wa mwaka wa pili alikuwa kando yangu na ule ugonjwa wake wa kuuliza maswali, akasema, sista, si ilikuwa nne? Nilikaa chini. Yule mama alikwenda nyumbani baada ya siku nne na hajui. Nikaripoti mwenyewe, nikapewa maneno yangu, na tangu siku hiyo sikuwahi kutoka safarini moja kwa moja mpaka wodini. Wewe vile vile: ukirudi na treni ya Jumamosi usiku, Jumapili ni ya kulala, shifti yako ianze jioni ama Jumatatu. Hili ni la kwanza kumwambia inchaji, kabla hata ya kumwambia juu ya darasa lenyewe.

Inchaji basi. Usiende mikono mitupu na "sista nimepata masta naomba unisaidie". Ataogopa, manake wodi yenyewe ni manesi watatu kwa wagonjwa arobaini na wewe wamwambia umemuachia mmoja pungufu. Nenda na ratiba ya muhula mzima imechapishwa, Ijumaa na Jumamosi zako zote zimepigwa rangi, tarehe za mitihani zimepigwa rangi nyingine, aone ni siku ngapi kweli. Siku nyingi kichwani, kwenye karatasi zaonekana chache. Halafu uwe na cha kutoa. Hapa kwetu twajuana, Waislamu hushika Krismasi na Pasaka, Wakristo hushika Idi na zile jioni za Ramadhani watu wawahi futari, hii ni sarafu tumeitumia miaka na miaka. Wewe jitolee Krismasi yote, mwaka mpya na zile Jumapili asubuhi ambazo kila mtu yuko kanisani, utashangaa Ijumaa zako zitapatikana vipi. Na kila mkibadilishana shifti iandikwe kwenye kitabu cha rota na inchaji atie sahihi. Usiridhike na wasap. Wasap siku mgonjwa akipata shida na nesi hayupo, itasomwa kama ushahidi dhidi yako.

Kuna jambo watu hubishana, naiti ama mchana ndio bora kwa anayesoma. Maoni yangu, na wako wenzangu hawayapendi: bora naiti zilizofungwa pamoja halafu ofu, siku za kupumzika, zilizofungwa pamoja, kuliko ile supu ya asubuhi leo, alasiri kesho, usiku keshokutwa. Mwili waweza kuzoea usiku kidogo ukiupa siku kadhaa, kinachouvunja ni kugeuzwa geuzwa. Na kama ni lazima ugeuzwe, basi iende mbele, asubuhi kisha alasiri kisha usiku, kurudi nyuma ni kugumu zaidi. Lakini naiti usizipende kupita kiasi. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka kazi ya usiku kwenye kundi la vitu vinavyowezekana sana kusababisha saratani, 2007, na 2019 wakaangalia tena wakaiacha pale pale. Chukua naiti kwa sababu za ratiba, mwaka mmoja miwili, usije ukajikuta miaka kumi ndiye nesi wa usiku wa wodi.

Na kulala mchana Mombasa ni kazi ya pili hiyo. Wakati wa kusi, Juni mpaka Agosti, sawa, upepo upo. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, chumba cha bati saa saba mchana hata paka hulala nje. Kwa hivyo usichelewe: toka kazini, usipitie Kongowea kununua nyanya, usikae kuongea, miwani ya jua uvae kwenye feri manake lile jua la asubuhi laambia ubongo kumekucha, saa tatu uwe kitandani, ulale mpaka saba au nane kabla joto halijakushinda, kisha ulale tena jioni kwa muda wa saa moja na nusu kabla ya kutoka. Leso mbili nzito za giza dirishani, feni, simu izime kabisa, isiwe sailenti, sailenti wachungulia. Kahawa tungu yako ya mwisho iwe saa nane usiku, manake nusu ya kafeini bado iko mwilini saa tano baadaye, ukinywa saa kumi na moja alfajiri ndio uje ulale saa tatu, utalala ukitetemeka. Majirani waambie. Mimi nilibandika karatasi mlangoni, NESI WA NAITI AMELALA, na mwenye harusi akapiga spika za vigoma vile vile, lakini angalau alikuja kuniomba msamaha na sahani ya biriani.

Sasa lile swali lako la kusoma saa nane usiku. Sio akili yako imekufa, kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri joto la mwili hushuka na akili hushuka nalo, hata profesa mwenyewe angesoma ule mstari mara kumi. Basi usisome wakati huo. Wodi ikitulia, na ikitulia kweli, wagonjwa umewazungukia na vipimo umeandika, fanya kazi za mikono: panga marejeo yako kwenye Zotero ama Mendeley, zote ni bure, ita faili zako majina yanayoeleweka, shusha makala kutoka PubMed Central, chapa yale maandishi ya daftari. Ukipata mapumziko lala dakika ishirini na tano na alamu, usipitishe, ukipitisha waamka umelewa usingizi na mgonjwa akuita. Kusoma kwenyewe, kule kwa kufikiri, kuweke siku ya pili na ya tatu ya ofu. Siku ya kwanza ya ofu baada ya naiti ni siku maiti, usiipangie kitu, wengi wajilaumu eti ni wavivu, mwili wadai deni lake tu. Mimi saa zangu nzuri zilikuwa baada ya alfajiri, watoto hawajaamka, mahamri ya jana na chai ya rangi, saa moja na nusu pale yafanya kazi ya saa nne za jioni. Na makala ndefu waweza kuiweka simu ikusomee kwa sauti, uiskize ukivuka feri na sikio moja, la pili libaki la kujichunga na pochi lako.

Ramadhani ikiangukia muhula, mwambie mwalimu wako mapema, wengi huelewa, na naiti za Ramadhani kwa mtu anayefunga mimi naona ni afadhali kuliko mchana, daku waila kazini.

Tuje kwa pesa, manake lokamu hukuiweka kwa kupenda. Kama hiyo lokamu ndiyo karo, basi nakwambia kitu hutakipenda: ahirisha mwaka. Vyuo huruhusu kuahirisha nafasi ukiomba kwa barua kwa wakati. Huu mwaka fanya lokamu kwa nguvu zako zote, hujaanza kusoma, saa unazo, weka karo ya mwaka mzima wa kwanza sacco usiiguse, kisha uingie ukiwa umeacha lokamu. Anayeingia na karo ya muhula mmoja mfukoni na matumaini, namjua mwisho wake, muhula wa pili huongeza lokamu ya tatu, wa tatu huacha shule, na lile deni labaki. HELB, ile bodi ya serikali ya mikopo ya masomo, nayo hukopesha wanaosoma digrii za juu, uliza, lakini mkopo si zawadi, utakatwa kwenye mshahara ule ule. Kama mume wako aweza kushika nyumba mwaka mmoja na karo ukaitoa kwa mshahara wako, basi usiahirishe, nenda Septemba. Hiyo ni hesabu ya nyie wawili, kaeni chini na karatasi, msiifanye kwa simu yeye akiwa kwenye kreni.

Likizo ya masomo ya kulipwa iko, lakini haiji kwa kuomba tu. Yataka uwe umeajiriwa kwa masharti ya kudumu, kozi iwe na uhusiano na kazi yako, jina lako lipite kwa kamati za HR, ofisi ya wafanyakazi, na ikipita wawekwa bondi, yaani watia sahihi kwamba utatumikia muda fulani baadaye ama ulipe. Soma ile bondi kila mstari. Uliza na posho zipi zitaendelea ukiwa shule, manake mshahara wa nesi ukitoa posho wabaki mifupa. Mimi kwa hali yako singeomba miaka miwili. Mwaka wa kwanza darasa ni siku mbili kila wiki mbili, hilo rota nzuri yaliweza, na kila mwezi unaokaa likizo huongeza kamba shingoni. Ningeomba ya miezi michache mwaka wa pili, wakati wa mazoezi ya klinikali na thesisi, yaani ule utafiti wako wa mwisho. Na hapa kuna swali ambalo hukuniambia kama uliliuliza: mazoezi ya klinikali ya hiyo masta yafanywa wapi? Kama waruhusu Mombasa, sawa. Kama ni lazima wiki kadhaa mfululizo ICU, wodi ya mahututi, ya Nairobi, hapo hakuna rota itakayokuokoa, likizo ni lazima, na lazima ujue leo sio mwakani.

Siku zako za likizo ya kawaida usizimalize kwa mitihani. Sheria ya Ajira ya 2007 yampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka, ziweke kama dhahabu kwa thesisi.

Manake thesisi ndipo watu hufia. Darasa lina ratiba, mwalimu, wenzako wa wasap, mtihani una tarehe. Darasa likiisha waachwa peke yako na proposali, ule mpango wa utafiti, hakuna anayekuuliza, na wodi ina njaa, inchaji aona sasa umemaliza shule, akurudisha rota ya kawaida, lokamu yarudi polepole, mwezi wapita, mwaka wapita. Nina wenzangu wamemaliza darasa zamani na bado wasema "niko kwa chapta ya nne". Kwa hivyo siku ya mwisho ya darasa ile Ijumaa yako ya shule usiirudishe kwa rota. Ishike. Iandikwe hivyo hivyo, Ijumaa ya shule, ukae nayo maktaba ya Tudor ama popote pasipo watoto.

Mada itoe kwenye wodi yako. Mwaka wa kwanza kila mtu ataka kutafiti kitu kikubwa cha kaunti sita, mwache. Wewe uko medikali wanawake, kila siku waona mama yule yule wa presha ama sukari akirudi baada ya wiki tatu, kwa nini arudi, alielezwa nini siku ya kuruhusiwa, nani alimwelezea na kwa lugha gani. Hapo kuna thesisi nzuri na wagonjwa wapo wenyewe. Lakini usikusanye data ukiwa na unifomu, zamu yako, kwa mgonjwa uliyemwekea dripu asubuhi. Hawezi kukukataa huyo, atasema ndio kwa kuogopa sindano ya jioni, na kamati ya maadili ya utafiti watakuuliza swali hilo hilo. Nenda siku ya ofu, nguo za nyumbani, ama tafuta msaidizi.

Na ile 384. Utaiona kwenye kila thesisi, mtu achukua fomula ya kuhesabu ahoji watu wangapi, aweka 1.96, aweka 0.5 na 0.05, yatoka 384, basi atafuta watu 384 mpaka anyauke. Hiyo ni ya umma mkubwa usio na idadi. Kama unachunguza manesi na hospitali nzima ina manesi 120, kuna marekebisho ya umma mdogo, yashuka mpaka kama 92. Nimeona mtu amezunguka miezi mitano kutafuta watu ambao hakuwahitaji. Muulize mtu wa takwimu kabla ya kuandika proposali, usimuulize baada.

Vibali navyo huenda kwa foleni: kwanza kamati ya maadili, kisha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, kisha hospitali yenyewe, na hospitali kubwa huenda ikataka kamati yake pia iangalie. Hakuna data kabla ya vibali. Weka miezi, usiweke wiki. Mimi nilipanga kukusanya Julai 2017, vibali mkononi, fomu zimechapishwa, na mgomo wa manesi ulikuwa umeanza Juni, ukaendelea mpaka Novemba, miezi mitano, wodi ya umma haina mgonjwa hata mmoja wa kuhojiwa. Na mimi mwenyewe nimegoma. Nilicheka nikalia. Kwa hivyo acha nafasi ya miezi kadhaa kwenye mpango wako, huku kwetu kitu hutokea.

La mama mkwe, digrii mbili za nini. Kuna utafiti mkubwa wa nchi 9 za Ulaya, ulitoka kwenye Lancet 2014, ulioonyesha kila asilimia 10 ya manesi wenye digrii ikiongezeka hospitalini, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa hupungua kwa asilimia 7. Ila usiende kumpigia nao kelele, manake ule ni wa digrii ya kwanza ambayo wewe unayo, na utafiti ule ule waonyesha kumuongezea nesi mgonjwa mmoja zaidi hupandisha uwezekano huo wa kufa kwa asilimia 7 vile vile. Masta ni kwa unachotaka wewe: kufundisha, kuongoza kitengo, kubobea. Ukiitaka kwa kupandishwa grade tu, jua grade haiji siku ya mahafali, wako wanaongoja. Yeye mama mkwe mpe kazi badala ya hoja, mwombe zile Ijumaa na Jumamosi watoto walale kwake. Bibi akipewa wajukuu huacha methali.

Sasa wiki hii fanya mambo matatu. Pigia chuo simu uulize klinikali ni wapi na wiki ngapi, mwisho wa kuahirisha ni tarehe gani, na ratiba ya muhula yatoka lini. Kaa na mume wako upige ile hesabu ya mwaka mmoja bila lokamu, na nauli ya treni ndani yake. Kisha peleka barua HR, nakala mbili, moja igongwe muhuri ubaki nayo. Na pesa ya kukubali nafasi usiitume kabla hujajibiwa la klinikali.